Kadi za maneno au silabi: kipi umnunulie mtoto anayeanza kusoma?

Januari shule zinapofunguliwa, maduka ya vifaa vya shule mjini Mtwara hutundika mbele ya kaunta vitu viwili kwa ajili ya mtoto wa awali na wa darasa la kwanza. Kimoja ni chati ya silabi, ile karatasi kubwa yenye ba be bi bo bu mpaka za ze zi zo zu. Kingine ni pakiti ya kadi: picha ya kuku juu, neno kuku chini yake, picha ya kikombe, neno kikombe. Kadi zinavutia, zina rangi, na mzazi akimwona mtoto wa jirani anazitaja moja baada ya nyingine bila kukosea, moyo unamwenda huko. Chati ya silabi inaonekana ya kizamani.

Ushauri wangu nautoa mapema ili mwenye haraka aendelee na shughuli zake: kwa mtoto anayejifunza kusoma Kiswahili, anza na silabi. Kadi za maneno mazima nazo zina kazi yake, lakini kazi hiyo ni nyingine. Sababu imo katika namna jicho na ubongo vinavyolitambua neno lililoandikwa, jambo lililochunguzwa kwa zaidi ya miaka mia moja sasa, na imo pia katika jinsi maneno ya Kiswahili yalivyoundwa.

Kila kifaa na imani yake

Mtengenezaji wa kadi anaamini, hata kama hajawahi kulitamka, kwamba neno hutambuliwa kama sura ya mtu: unaliona lote kwa mkupuo, urefu wake, mabonde na vilima vyake, herufi zinazopanda kama b na k, zinazoshuka kama g na y, halafu unalitaja. Mtoto akionyeshwa sura hiyo mara nyingi ataikariri. Chati ya silabi ina imani tofauti: neno limejengwa kwa vipande, na anayevijua vipande anaweza kusoma hata neno ambalo hajawahi kukutana nalo.

Imani ya kwanza haikuzuka hivi hivi. Mwaka 1886 Mmarekani James McKeen Cattell, aliyekuwa akifanya utafiti kwenye maabara ya Wilhelm Wundt huko Leipzig, Ujerumani, alionyesha kwamba mtu akimulikiwa herufi kwa muda mfupi sana hushika nyingi zaidi zikiwa zimeunda neno kuliko zikiwa zimetawanyika ovyo. Watu wakasema: basi neno linaingia zima zima, herufi zinakuja baadaye. Kutoka hapo, kwa miongo mingi, shule za Marekani na kwingineko zilifundisha watoto kukariri maneno mazima kwa kuyatazama. Kadi zinazouzwa leo ni wajukuu wa zamani hizo.

Tatizo ni kwamba matokeo ya Cattell yalikuwa sahihi lakini maelezo yake yakaja kushindwa.

Nanyamba na Nanyumbu

Huhitaji kwenda Leipzig kulipima jambo hili. Andika kwenye karatasi majina mawili ya mkoa wetu kwa herufi ndogo: nanyamba, nanyumbu. La kwanza ni mji ulio kwenye barabara ya Mtwara kwenda Tandahimba na Newala. La pili ni wilaya iliyoko mbele ya Masasi, makao makuu yake Mangaka. Sasa chora mstari kuzunguka kila jina ukifuata kingo za herufi zake. Herufi nane kwa nane. Y inashuka mahali palepale, b inapanda mahali palepale, zilizobaki zote ziko sawa kwa kimo, maana a na u havipishani hata kidogo. Mistari miwili inatoka ileile.

Kama tungekuwa tunasoma kwa umbo la nje, mizigo ya Nanyumbu ingeshushwa Nanyamba kila wiki. Haishushwi. Utingo anaitazama karatasi iliyobandikwa kwenye gunia kwa nukta ya sekunde na anajua. Kinachomjulisha ni a na u, herufi mbili zilizokaa ndani ya neno, ambazo kwa nje hazionekani kabisa.

Nenda stendi utazame upande wa pili wa ushahidi. Mabasi mengi yameandikwa kwa herufi kubwa tupu: MASASI, NEWALA, TANDAHIMBA. Herufi kubwa zote zina kimo kimoja, kwa hiyo kila neno ni boksi tu, ndefu au fupi. Vilima na mabonde hayapo. Hata hivyo abiria wanasoma. Ni kweli kwamba maandishi marefu ya herufi kubwa husomwa polepole zaidi; Miles Tinker wa Chuo Kikuu cha Minnesota alilipima hilo karne iliyopita. Watetezi wa umbo la neno wamelishikilia kama ushahidi wao. Lakini kuna maelezo mepesi zaidi: karibu kila tunachosoma kuanzia utotoni, kitabu, gazeti, ujumbe wa simu, kimeandikwa kwa herufi ndogo, na jicho lina wepesi kwa kile lilichokizoea.

Jaribio la bata na bara

Jaribio lililovuruga zaidi imani ya umbo lilifanywa na Gerald Reicher mwaka 1969. Nalieleza kwa maneno yetu ili lieleweke. Unaonyeshwa neno bata kwa muda mfupi mno, kisha linafunikwa na alama za ovyo. Unaulizwa: herufi ya tatu ilikuwa t au r? Angalia ujanja wa swali. Bata ni neno, bara nayo ni neno, kwa hiyo kubahatisha hakukusaidii. Ni lazima uwe umeiona herufi yenyewe. Mara nyingine unaonyeshwa t peke yake, bila neno, unaulizwa swali lilelile. Watu walipatia zaidi pale herufi ilipokuwa ndani ya neno kuliko ilipokuwa pekee.

Hapo mtu wa kadi angeshangilia, neno linashinda herufi! Ila wenzake Reicher waliendelea. Wakaweka maneno bandia, yasiyo na maana lakini yanayotamkika, mfano wa kefo. Hakuna aliyewahi kuiona kefo, kwa hiyo hakuna aliyeihifadhi sura yake. Bado herufi za kefo zilitambuliwa vizuri zaidi kuliko za rundo lisilotamkika kama kfeo au fkoe. Faida basi haitoki kwenye sura iliyokaririwa. Inatoka kwenye mpangilio wa herufi ambao ubongo umeuzoea.

Mwaka 1981 James McClelland na David Rumelhart walitoa maelezo yanayokubalika na watafiti wengi mpaka leo kwa msingi wake. Herufi zote za neno hushughulikiwa kwa pamoja, sambamba. Kila herufi inapoanza kutambulika inayapa nguvu maneno yaliyo nayo, na neno linalopata nguvu linazirudishia nguvu herufi zake. Neno na herufi vinasaidiana kwa kasi ambayo wewe msomaji huioni. Ndiyo maana kwa msomaji mzoefu inahisi kama neno limeingia lote kwa pamoja. Limeingia kwa pamoja kweli, ila kupitia herufi.

Kuna imani ya tatu, kwamba tunasoma herufi moja moja kutoka kushoto hadi mwisho. Philip Gough aliitetea mwaka 1972. Kwa mtoto anayeanza, ni picha halisi kabisa ya anachofanya, umeshawahi kumsikia. Kwa mtu mzima anayesoma tangazo la mnada wa korosho inashindwa, maana ingekuwa hivyo herufi ndani ya neno isingetambulika vizuri kuliko herufi pekee.

Jicho linavyoruka

Tangu Émile Javal wa Paris, mwishoni mwa miaka ya 1870, inajulikana kwamba jicho la msomaji halitelezi juu ya mstari. Linaruka na kutua. Kwa wasomaji wazoefu wa Kiingereza, ambao ndio waliopimwa zaidi, kila mtuo huchukua kama robo ya sekunde, mruko mmoja unavuka herufi 7 hadi 9, na kati ya mara 10 hadi 15 katika kila miruko 100 jicho linarudi nyuma. Likiwa limetua, linanufaika na herufi 3 au 4 upande wa kushoto na kama 15 upande wa kulia, lakini kwa hizo za mbali linapata fununu tu. Za kutambulika sawasawa ni zile za karibu.

Sasa pima na lugha yetu. Hawatakusaidia lina herufi 14. Wanaotuletea lina 12. Maneno ya namna hii yamejaa kwenye kila ukurasa, na kichwani mwangu naona wazi kwamba jicho linalotua mahali pamoja haliwezi kulimeza neno kama hilo lote kwa usawa. Linahitaji kulishika kwa sehemu: hawa-ta-ku-saidia. Msomaji wa Kiswahili aliyezoea silabi ameshaandaliwa kwa kazi hiyo.

Hapa ndipo kadi inapokwama kwa Kiswahili

Kadi hizi ni mtindo uliotoka kwenye Kiingereza, na kule zina utetezi wake. Kiingereza kina maneno mafupi ambayo herufi zake zinadanganya, na mtoto lazima ayakariri baadhi yake. Pia neno la Kiingereza halibadiliki sana. Ukilijua limevaa nguo moja utalijua kesho.

Kiswahili kinavaa upya kila sentensi. Chukua vitenzi vinne: pika, pita, piga, pima. Weka mbele yake a, wa, ni au tu, halafu na, li au ta. Anapika, walipita, nitapima, tulipiga. Hesabu mwenyewe: nafsi nne mara nyakati tatu mara vitenzi vinne ni maneno 48, na hapo hatujagusa ukanushi, wala ku- na m- za mtendewa, wala -wa na -ia za mwisho. Kwa mtindo wa kadi za maneno mazima utahitaji kadi 48. Kwa silabi unahitaji vipande 11: a, wa, ni, tu, na, li, ta, pi, kisha ka, ga, ma, maana ta ya wakati ndiyo ileile ya pita. Hakuna pakiti dukani inayoweza kushindana na hesabu hiyo, na ndiyo maana ukizikagua kadi utakuta zimejaa nomino: kuku, meza, samaki, mpira. Vitenzi, ambavyo ndivyo uti wa sentensi, havimo. Haviingii kwenye kadi.

Tazama tena anapika, anapita, anapiga, anapima. Mwanzo uleule, mwisho uleule, tofauti ni herufi moja karibu na mwisho. Katika Kiswahili mwanzo wa neno mara nyingi ni kiambishi kinachotumiwa na maelfu ya maneno mengine, na mwisho ni irabu, moja kati ya tano. Mtoto aliyefundishwa kukisia kwa kutazama herufi ya kwanza, urefu wa neno na picha iliyo karibu anasoma kitanda panapoandikwa kitabu, halafu anakutazama usoni kuona kama amepatia. Ukimwona mtoto anayetazama uso wako kuliko karatasi, ujue anasoma uso.

Pengine umewahi kupokea ule ujumbe uliosambaa duniani mwaka 2003, unaodai kwamba Chuo Kikuu cha Cambridge kimegundua herufi za katikati zinaweza kuvurugwa vyovyote na bado ukasoma, mradi ya kwanza na ya mwisho zimekaa mahali pake. Utafiti huo haukuwahi kufanyika Cambridge. Matt Davis, mtafiti wa masuala ya lugha na ubongo aliyekuwa akifanya kazi mjini humohumo, aliandika kueleza hivyo. Sentensi ile ya Kiingereza inasomeka kwa sababu maneno yake ni mafupi na mengi hayakuguswa kabisa. Jaribu na Kiswahili: wtnaoaulteea. Ni wanaotuletea, neno nililolihesabu juu. Kama nisingekuambia, ungehangaika nalo.

Chapa ya kidole

Mama mmoja wa mtaa wa jirani alinionyesha kwa fahari binti yake, hajafika hata miaka sita, anavyosoma kadi. Alitaja zote. Nikaomba nizichanganye, akazitaja tena. Nikaziba picha kwa kiganja, nyingi zikampotea, ila kikombe hakikupotea hata kidogo. Kadi ile ilikuwa imeliwa na panya kwenye kona. Nikachukua kalamu nikaandika kikombe nyuma ya daftari, kwa mwandiko mkubwa mzuri. Akanyamaza, akamtazama mama yake.

“Huyo anaona haya tu, mwalimu,” mama akasema.

“Inawezekana, mama. Mwandikie ko peke yake.”

Mtoto hakuijua ko.

Binti yule hana tatizo lolote. Gough niliyemtaja juu, pamoja na wenzake, waliwapa watoto wasiojua kusoma kadi chache za maneno, moja ikiwa na alama ya dole gumba pembeni. Neno la kadi yenye doa lilishikwa haraka kuliko mengine. Doa lilipoondolewa, wengi hawakulitambua neno. Wakionyeshwa doa tupu, walilitaja. Ndivyo ubongo wa mtoto ulivyo: unashika kitu chepesi kuliko vyote vinavyotofautisha, na herufi haziwi chepesi mpaka ufundishwe. Mtafiti Linnea Ehri aliiita hatua hii ya kabla ya alfabeti. Ndiyo hatua ambayo mtoto “anasoma” bango la kampuni ya simu kwa rangi yake. Inapendeza, lakini mtu anaweza kukaa hapo muda mrefu.

Silabi nayo ina mashimo

Sitaki mtu anunue chati akidhani amemaliza. Shimo la kwanza ni wimbo. Watoto huimba ba be bi bo bu kwa sauti inayosikika hadi barabarani, darasa zima, na wewe ukipita unaona hawa wamefika. Mwite mmoja, mwonyeshe bo bila kupitia ba be bi. Wengi hulazimika kuanza wimbo kimoyomoyo mpaka wafike. Huyo amekariri mpangilio. Dawa ni kuichokoza chati kila siku: onyesha bila utaratibu, toka juu ruka chini, changanya mo na so na to.

Shimo la pili ni mtoto kubaki kwenye ki… ta… bu kwa mwaka mzima. Silabi ni ngazi ya kufikia ule utambuzi wa papo kwa papo ambao mwenye kadi anautaka. David Share wa Chuo Kikuu cha Haifa ameonyesha kwamba mtoto akilisoma neno jipya kwa kulifumbua mwenyewe mara chache, huanza kulitambua bila kulifumbua tena, herufi zake zikiwa zimekaa kichwani kwa mpangilio. Kwa hiyo baada ya silabi kinachohitajika ni hadithi, nyingi, fupi, zenye maneno yanayojirudia. Chati peke yake haifikishi huko. Kwa hili shule nyingi za vijijini zina uhaba mkubwa kuliko uhaba wa chati.

Shimo la tatu ni la kusini hasa. Mtoto wa kijijini Newala, Tandahimba au Nachingwea anaweza kuwa anazungumza Kimakonde, Kiyao, Kimakua au Kimwera nyumbani, na Kiswahili anakipata vizuri shuleni. Silabi zitamwezesha kutamka karibu kila neno la kitabu kwa usahihi bila kujua maana yake. Anasoma jokofu kwa sauti safi kabisa, na jokofu kwake ni kelele. Hapa kadi ya picha inarudi kwa heshima zote, kwa sababu kazi ya kufundisha msamiati inaiweza vizuri kuliko chati. Tofauti ni mpangilio: mwonyeshe picha, zungumzeni kuhusu kitu hicho, kisha neno lililo chini alisome kwa silabi zake. Asilitaje kwa kuitazama picha.

Upande mwingine, mtoto wa Mikindani, Lindi mjini au Kilwa aliyeanza chuoni, yaani madrasa, kabla ya shule ameshapata faida asiyoijua. Kule amefundishwa kuiunganisha herufi na irabu yake, ba kwa fataha, bi kwa kasra, bu kwa dhumma. Ni kazi ileile ya silabi kwa herufi nyingine. Kitakachomsumbua siku za mwanzo ni mwelekeo tu, na hilo linapita.

Baba na dada

Mzazi asishtuke mtoto akisoma dada panapoandikwa baba, au akaandika b ikiwa imegeukia nyuma. Ubongo umezoea kwamba kitu kikigeuzwa upande kinabaki kilekile: kikombe chenye mkono kulia ni kikombe, mkono ukiwa kushoto ni kikombe. Herufi ndizo zinazovunja kanuni hiyo. Stanislas Dehaene, mtafiti wa Ufaransa, pamoja na Laurent Cohen, wameeleza sehemu ya ubongo iliyo nyuma kwa chini, upande wa kushoto, ambayo kwa anayejua kusoma huzitambua herufi bila kujali ukubwa au kama ni kubwa au ndogo. Sehemu hiyo haizaliwi ikijua. Inafunzwa, na sehemu ya mafunzo ni kuacha kuviona b na d kuwa kitu kimoja. Kadi za maneno mazima hazilisaidii hili. Kinachosaidia ni kuziandika b na d kwa mkono, moja wiki hii na nyingine wiki nyingine, bila kuzifundisha siku moja.

Kwa bibi au babu anayesoma darasa la watu wazima, habari ni njema. Utafiti wa Dehaene na wenzake uliotolewa mwaka 2010, uliofanywa kwa watu wa Brazili na Ureno, ulionyesha kwamba hata aliyejifunza kusoma ukubwani hujengeka sehemu hiyo. Na kwake pia anza na silabi, ila tumia maneno ya maisha yake, mikorosho, mizani, stakabadhi, maana watu wazima huchoshwa na kuku na kikombe.

Nani achague nini

Mtoto anayeanza, nyumba inayozungumza Kiswahili, pesa ni ya kitu kimoja: silabi. Hapo hakuna mjadala.

Darasa lenye watoto wengi, ambalo ndilo la kawaida: chati kubwa ukutani inawahudumia wote, pakiti ya kadi inawahudumia watatu waliokaa mbele. Mtaala wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa madarasa mawili ya kwanza, uliotoka mwaka 2015, ulikwenda na sauti za herufi na silabi pia, na mwalimu akiendelea hivyo, nyumbani na shuleni vitakuwa vinavuta upande mmoja.

Mtoto wa kijijini ambaye Kiswahili ni lugha ya pili: silabi, pamoja na kadi za picha kwa msamiati.

Mtoto wa shule inayofundisha kwa Kiingereza: hata huyo ningemfundisha kusoma Kiswahili kwanza au sambamba. Utafiti wa Philip Seymour na wenzake wa mwaka 2003 ulilinganisha watoto wa lugha mbalimbali za Ulaya mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa shule. Watoto wa Ufini, ambako maneno ni marefu yenye viambishi na herufi ni za uaminifu kama zetu, walisoma sawasawa maneno 98 kati ya 100. Wa Uskoti, kwa Kiingereza, 34. Hawakuwa wajinga, tahajia yao ndiyo ngumu. Kiswahili kinampa mtoto ushindi wa mapema, na akishaelewa kwamba herufi zina sauti, atakwenda kwenye Kiingereza akiwa na cha kuanzia. Kadi za maneno mazima za Kiingereza azipate kwa yale machache yasiyotii kanuni.

Ukitaka kitu bora kuliko vyote viwili, hakiuzwi. Chukua boksi la biskuti, kata vipande vya ukubwa wa kiberiti, andika silabi kwa kalamu nene: ki, ta, bu, nda, ko, mbe. Mtoto apange kitabu, abadilishe kipande cha mwisho kuwa kitanda, atoe, apange kikombe. Tumia herufi ndogo, na a uiandike kama anavyoiandika yeye, maana ile ya vitabu yenye kichwa juu huwachanganya wengine mwanzoni. Silabi ngumu, nywa, mbwa, ng'o, chwa, ziache mpaka zile nyepesi zitoke bila kusita. Vipande vikipotea, na vitapotea, boksi lingine lipo dukani.

Na kama pakiti ya kadi ulishainunua, usiitupe. Chukua mkasi, tenga picha na neno. Picha ziweke upande mmoja kwa mazungumzo. Maneno yakate kwa silabi, ku na ku, me na za, sa na ma na ki, uyachanganye kwenye bakuli, halafu mwambie atafute samaki.